Gobore, Viasi na Wenzo: Istilahi za Bunduki katika Njia ya Misafara ya Tabora

Mfasiri anayeshughulikia maandishi ya karne ya 19 yahusuyo Unyamwezi hukutana na bunduki karibu kila ukurasa. Mara nyingi huandika "bunduki" tu, akapita. Neno hilo ni sahihi, lakini halitoshi. Wenyeji wa njia ya kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji hawakuziona bunduki zote kuwa kitu kimoja, na Kiswahili kilikuwa na majina ya kuzitenga. Majina hayo yalijengwa juu ya mambo mawili: namna moto unavyoifikia baruti, na mahali risasi inapotiliwa. Anayechagua istilahi leo hana budi kuanzia hapo.

Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi. Gumegume iliwashwa kwa cheche za jiwe lililogonga chuma. Bunduki ya fataki ilitumia kikofia kidogo kilicholipuka kilipopigwa. Zote tatu zilikuwa za kushindilia, yaani baruti na risasi vilitiwa mdomoni mwa mtutu na kusukumwa hadi chini kwa mdeki. Ndizo tunazoziita leo kwa jumla magobore. Baadaye zikaja bunduki za viasi. Kiasi ni kasha dogo lililokusanya baruti, risasi na kiwashio pamoja, na jina lenyewe ladokeza kipimo kilichokwisha kupimwa. Kiasi hutiwa nyuma ya mtutu, wala mdeki hauhitajiki.

Aina hizi zilisafiri pamoja katika msafara mmoja. H. M. Stanley, aliyeondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 kumtafuta Livingstone na kufika Unyanyembe mwezi Juni, ameorodhesha silaha zake katika kitabu chake cha safari hiyo. Miongoni mwake zilikuwamo gumegume 24, bunduki kadhaa za viasi zenye kupiga risasi moja moja, na bunduki mbili za Kimarekani za kupiga mfululizo: moja ya Henry na moja ya Winchester.

Hizi mbili zilifanana mno. Kila moja ilikuwa na wenzo chini ya mtambo wa kufyatulia. Mpigaji alipousukuma wenzo chini na mbele, ganda tupu lilitoka. Alipourudisha, kiasi kipya kiliingia chemba. Viasi vyenyewe vilipangwa katika bomba lililolazwa chini ya mtutu, na bunduki zote mbili zilitumia viasi vya namna moja. Tofauti ilikuwa katika kulijaza bomba hilo. Henry, iliyopewa hataza mwaka 1860, ilijazwa kwa mbele: ncha ya bomba ilizungushwa upande, na viasi vikatumbukizwa humo. Chini ya bomba palikuwa na ufa mrefu, na vumbi liliweza kupenya. Winchester ya mwaka 1866 iliziba ufa huo na kuwekewa kilango ubavuni, karibu na mtambo. Mpigaji aliweza kuongeza kiasi kimoja kimoja bila kuiondoa bunduki katika hali ya kupigika. Kwa msafiri aliyevuka vumbi la Ugogo na pori la Mgunda Mkali, tofauti hiyo haikuwa ndogo.

Hapa pana mtego kwa mfasiri. Akisoma kwamba Henry "yajazwa kwa mbele", aweza kuiita gobore. Hilo ni kosa. Kilichojazwa kwa mbele ni bomba, wala si mtutu, hakuna kilichoshindiliwa. Kitenzi ndicho kinachotenga. Gobore hushindiliwa, bunduki ya viasi hutiwa au hujazwa. Mwandishi akisema mtu "alishindilia Winchester yake", amemrudisha nyuma kizazi kizima. Akisema askari wa gumegume "alitia risasi" tu, amemnyang'anya msomaji muda wote ambao askari huyo alisimama wazi mbele ya adui akiwa na mdeki mkononi.

Isidhaniwe kwamba chombo kipya kilikuwa bora katika kila jambo. Gumegume ilihitaji jiwe, baruti na risasi, vitu vilivyouzwa na kununuliwa katika njia ya misafara. Viasi vya Henry na Winchester vilitoka kiwandani ng'ambo, na vilipokwisha wenzo haukuwa na kazi. Wala wingi wa risasi haukuamua vita. Mwezi Agosti 1871 Waarabu wa Tabora walimshambulia Mirambo huko Wilyankuru, Stanley akiwa upande wao. Mirambo aliwavizia njiani walipokuwa wakirudi na nyara, akawashinda. Baadaye mwezi huo huo akaushambulia mji wa Tabora wenyewe.

Tofauti hizo ziliingia pia katika sheria. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia kuingizwa kwa silaha za moto katika sehemu kubwa ya Afrika, Tabora ikiwamo, hasa zenye mitutu ya mifuo na zilizoboreshwa. Ila uliacha nafasi, kwa masharti, kwa gumegume zisizo na mifuo na baruti ya kawaida ya biashara. Katika maandishi ya namna hiyo, jina la bunduki ndilo linalotenga kilichoruhusiwa na kilichokatazwa. Afisa anayefasiri hati za wakati huo akaandika "bunduki" pande zote mbili, ameifuta sheria yenyewe.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba "gobore" litumike kwa bunduki zote za kushindilia, na "mrao", "gumegume" na "fataki" yabaki majina ya aina zake, japo "fataki" leo hukumbusha sherehe na "gumegume" ni jina la kumdharau mtu asiyefaa. "Kiasi" kirudishwe katika maandishi ya historia, maana "risasi" sasa yabeba maana mbili. "Bunduki ya wenzo" iwe istilahi ya Henry na Winchester, ikifuatwa, pale inapobidi, na "ya kujazwa mbele" au "ya kujazwa ubavuni".

Lipo pia neno "magazini". Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi ule ule uliotupa "hazina", nalo katika lugha za Ulaya lina maana ya ghala na pia ya sehemu ya bunduki inayoweka viasi. Husimuliwa kwamba Isike, mtemi wa Unyanyembe, alijilipua ndani ya "magazini" Wajerumani walipoivunja ngome yake mwezi Januari 1893. Mwanafunzi aliyezoea magazini ya bunduki hataelewa. Hiyo ilikuwa ghala ya baruti, na hivyo ndivyo inavyopasa kuandikwa, ili kifo cha mtemi kisomwe kama kilivyokuwa.