Nani Alituwekea Muyaka?

Muyaka bin Haji tunamjua wote. Mtu wa Mombasa, mshairi wa enzi za Mazrui, aliyefariki yapata mwaka 1840; yule anayesifiwa kwamba aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Tunamjibia maswali ya mtihani, tunamwiga, na wengine wetu (tusifichane) tunamwibia mchana kweupe. Lakini hebu, ndugu msomaji, tuulize swali ambalo darasani haliulizwi: mashairi yale yametufikiaje?

Maana Muyaka hakuchapisha kitabu. Alitunga, watu wakayashika kichwani. Ayajuaye maandishi aliweza kuyanakili kwa hati za Kiarabu. Na karatasi ya pwani, jamani, haina maisha marefu. Mchwa wapo, unyevu upo, hewa yenyewe ina chumvi. Mwaka 1837 Sayyid Said akaitwaa Mombasa, utawala wa Mazrui ukaisha, na zile siasa ambazo Muyaka alikuwa akizipigia mafumbo zikawa habari za wazee.

Basi alikuwako mjini humo mwalimu mmoja, Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Jina la ajabu kwa mtu aliyejua mengi hivyo! Mwaka 1880 akafika pwani mmisionari Mwingereza, William Taylor, mwenye uchu wa kukijua Kiswahili cha ndani, si cha kuagizia chai. Wakashirikiana. Beti za Muyaka zikakusanywa, zikaandikwa, na pamoja nazo maelezo: neno hili lina maana gani, hapa anajibiwa nani, shairi hili lilizuka kwa kisa kipi. Sikujua akafariki mwaka 1890.

Piga hesabu. Toka kifo cha Muyaka hadi kifo cha Sikujua ni miaka hamsini tu. Taylor angechelewa miaka kumi kufika, angemkuta nani?

Yaliyofuata ni safari ya makaratasi. Taylor alifariki 1927, na karatasi zake zikaishia London, katika maktaba ya chuo cha SOAS. W. Hichens akazihariri, na mwaka 1940 Diwani ya Muyaka ikachapishwa Johannesburg. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu chake juu ya Muyaka pale Nairobi. Majina hayo yamo kwenye majalada. La Sikujua mpaka ulitafute ndani.

Tukisikia neno "kuhifadhi" tunafikiria makasha, vioo, na chumba chenye ubaridi. Sawa, vinatakiwa. Lakini tazama hati yenyewe. Katika uandishi wa zamani wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, herufi moja ya "b" ilibeba b, p, na hata mb. Kwa hiyo "baba", "papa" na "pamba" huweza kuandikwa sawasawa. Asiyelijua shairi ataona mzazi mahali penye samaki! Karatasi ingebaki safi kabisa, bila tobo la mdudu, na bado shairi lingekuwa limekufa. Kilichomwokoa Muyaka ni karatasi pamoja na mtu wa kuisomea.

Nadhani J. W. T. Allen alilielewa hilo. Miaka ya 1960 alizunguka pwani akikusanya miswada kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake iliyochapwa 1970 ina miswada na kanda za sauti pia. Sauti ya msomaji nayo ni mali ya maktaba. Ingawa kanda nazo huzeeka, na mashine za kuzichezea huadimika.

Wapo wanaokasirika kwamba Muyaka yuko London. Hasira hiyo naielewa, mtu wa Kibokoni apande ndege kwenda kuona mashairi ya mtaani kwao? Siku hizi picha za miswada ya SOAS zimewekwa kwenye intaneti, unaweza kuzifungua ukiwa kwenye kibaraza chako. Ila ukishafungua, utasoma? Hapo ndipo wengi wetu tunakwama, maana herufi zile tumeziachia madrasa, na mafumbo tumewaachia wazee.

Kama kwenu kuna sanduku la babu lenye karatasi, usiliunguze siku ya kusafisha nyumba. Usizibandike kwa selotepu, itageuka njano iache gundi. Pini zitoe, zina kutu. Andika kwa penseli, kwenye karatasi ya pembeni, jina la aliyekusomea na tarehe. Kisha mkalishe bibi, washa kinasa sauti, umwulize: huyu anayeambiwa "wewe" katika ubeti wa tatu, alikuwa nani?