Mzazi, Mtoto na Mpaka: Historia ya Hati za Kusafiria

SOMO LA REDIO KWA MADARASA YA WATU WAZIMA: HISTORIA NA URAIA

Mwenye daftari na alifungue, na mwenye kalamu na aishike. Kiongozi wa kikundi aandike ubaoni maneno haya matano: pasipoti, uraia, ridhaa, mlezi, kiapo. Tutakutana nayo njiani, na kila moja tutalieleza.

Somo letu la leo ni juu ya karatasi anazodaiwa mzazi anayesafiri peke yake kwenda nchi ya nje pamoja na watoto. Mama anakwenda kumwona mumewe aliyeko kazini Muskat. Baba anampeleka mwanawe kutibiwa India. Wanafika kiwanja cha ndege, na afisa wa uhamiaji anawatazama watoto, kisha anauliza: “Watoto hawa ni wako? Mwenzako anajua kwamba unasafiri nao?”

Watu wengi hukasirika kwa swali hili. Husema: “Mtoto nimemzaa mwenyewe, naulizwaje?” Lakini swali hilo halikuzuka jana. Lina historia, na ndani ya historia hiyo wamo akina mama waliozuiwa na sheria, na wamo watoto walioibwa. Tukiijua, tutajua pia kwa nini kila karatasi inatakiwa.

1. Pasipoti ilivyoenea

Pasipoti ni kitabu kidogo ambacho serikali humpa raia wake, kuwaambia watu wa nchi nyingine: huyu ni mtu wetu, mpisheni. Barua za namna hiyo ni za tangu zamani sana, lakini zamani hazikuwa za kila msafiri. Katika pwani yetu majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi, na abiria alijulikana kwa nahodha wake na kwa mwenyeji wake, si kwa kitabu chenye picha. Huko Ulaya nako, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, nchi nyingi zilikuwa zimeacha kudai pasipoti kwa wasafiri wa gari moshi.

Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 hadi 1918, ndiyo iliyobadili mambo. Serikali ziliogopa wapelelezi, na hazikutaka vijana wao wakimbie jeshi. Zikaanza kudai hati yenye picha kwa kila avukaye mpaka. Vita vikaisha, lakini hati ikabaki. Mwezi wa Oktoba 1920, nchi zilikutana Paris chini ya Ushirika wa Mataifa, zikapatana juu ya mfano mmoja wa pasipoti: kitabu cha kurasa 32, kilichoandikwa kwa lugha zisizopungua mbili, mojawapo Kifaransa. Pasipoti tunazozijua leo zimetokana na mapatano hayo.

2. Kitabu cha baba

Sasa tusikilize kwa makini, kwa maana hapa ndipo mama na watoto wanapoingia.

Katika miaka ile, pasipoti moja iliweza kubeba jamaa nzima. Tutazame pasipoti ya Kiingereza, iliyotumika pia na watu wa makoloni mengi. Ndani yake palikuwa na safu mbili: safu ya mwenye kitabu na safu ya mke. Palikuwa pia na mahali pa kuandika majina ya watoto. Mume alipotaka, mkewe na watoto wake waliandikwa humo, na picha ya mke ikabandikwa karibu na ya mume.

Jambo hilo lilionekana rahisi, na tena lilipunguza gharama. Lakini maelezo ya ndani ya kitabu yalionya kwamba mke hawezi kukitumia akisafiri peke yake. Mume aliweza kuondoka nacho bila ya mke. Mke hakuweza kuondoka nacho bila ya mume. Ilimpasa aombe pasipoti yake mwenyewe.

Nyuma ya kitabu hicho ilikuwako sheria. Mwanamke wa Kiingereza aliyeolewa na mgeni kwa kawaida alipoteza uraia wake. Uraia maana yake ni haki ya mtu kuwa mwana wa nchi, kukaa ndani yake na kurudi akitoka. Sheria hiyo haikuondoka mpaka ilipokuja sheria mpya iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1949. Na katika Uingereza yenyewe, mama hakupewa haki sawa na baba juu ya mtoto wao mpaka sheria ya ulezi ya mwaka 1973. Mlezi ni mtu ambaye sheria inamtambua kuwa na mamlaka ya kumwamulia mtoto mambo yake. Kwa karne nyingi sheria ilipouliza nani mlezi, ilijibu: baba.

Umoja wa Mataifa ulijaribu kurekebisha mambo haya. Mwaka 1957 ulitoa mkataba juu ya uraia wa wanawake walioolewa, ili mwanamke asibadilishwe uraia kwa sababu ya ndoa tu. Mkataba wa mwaka 1979 wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ulikwenda mbali zaidi. Kifungu chake cha 9 kinasema mwanamke awe na haki sawa na mwanamume katika uraia wa watoto wao. Lakini mkataba ni maneno kwenye karatasi mpaka mtu asimame na kuyadai. Mmoja wa watu waliosimama alikuwa mama wa Kiafrika, na habari zake ndizo tutakazozieleza sasa.

3. Shauri la Unity Dow

Unity Dow alizaliwa mwaka 1959 nchini Botswana, akasoma sheria akawa wakili. Mwaka 1984 aliolewa na mwanamume raia wa Marekani aliyekuwa akiishi Botswana. Walikuwa na watoto watatu. Wa kwanza alizaliwa mwaka 1979, kabla ya ndoa. Wa pili alizaliwa mwaka 1985, na wa tatu mwaka 1987.

Mwaka huo huo wa 1984 Botswana ilitunga sheria ya uraia. Ilisema kwamba mtoto aliyezaliwa nchini ni raia ikiwa baba yake ni raia. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alifuata uraia wa mama. Fanyeni hesabu wenyewe. Mtoto wa kwanza alikuwa raia wa Botswana. Wadogo zake wawili, waliozaliwa katika nchi ile ile na tumbo lile lile, walikuwa wageni. Mama asiye na ndoa aliweza kumpa mtoto uraia wake. Mama mwenye ndoa hakuweza.

Wageni hawa wadogo walihitaji kibali cha kukaa katika nchi waliyozaliwa, na kibali chao kilitegemea cha baba. Hawakuweza kupata pasipoti ya Botswana, nchi ya mama yao. Unity Dow aliieleza mahakama kwamba akitoka nje pamoja nao, hana haki ya kurudi nao nyumbani ikiwa baba yao hayupo. Tazameni jambo hilo: mama yumo katika nchi yake, lakini watoto wake hawawezi kuvuka mpaka kwa jina lake.

Serikali ilijibu kwamba kifungu cha Katiba kilichokataza ubaguzi kilitaja rangi, kabila, mahali atokako mtu na mengineyo, lakini hakikutaja jinsia. Ikasema pia kwamba jamii ya Botswana kwa desturi yake humfuata baba. Mwezi wa Juni 1991 Mahakama Kuu ilimpa mama haki. Serikali ikakata rufani. Tarehe 3 Julai 1992 Mahakama ya Rufani, yenye majaji 5, ikatoa hukumu. Majaji 3 walikuwa upande wa mama, 2 walipinga. Waliompa haki walisema kwamba Katiba isomwe nzima. Mahali pengine imempa kila mtu haki zake awe mume au mke, na desturi haiwezi kuishinda Katiba.

Bunge halikufanya haraka. Sheria ilirekebishwa mwaka 1995, miaka 3 baada ya hukumu. Mwaka 1998 Unity Dow akawa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Botswana.

Msidhani jambo hili lilikuwa la Botswana peke yake. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na Katiba iliyosema kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya nchi ni raia wa Kenya ikiwa baba yake ni raia; mama hakutajwa. Katiba mpya ya mwaka 2010 ndiyo iliyosema baba au mama, mmoja wao akiwa raia yatosha.

4. Kwa nini ridhaa ya wazazi wote wawili

Basi mama amepata haki yake. Mbona sasa anaulizwa habari za baba? Na mbona baba naye anaulizwa habari za mama?

Ni kwa sababu ya jambo jingine lililokua pamoja na safari za ndege. Wazazi waligombana, wakaachana. Mmoja akamchukua mtoto usiku, akampandisha ndege kwenda nchi nyingine, na mwenzake asimwone tena. Mahakama ya nchi moja haikuwa na nguvu katika nchi nyingine. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na uchungu huu uliwapata akina baba na akina mama sawasawa.

Ndiyo maana tarehe 25 Oktoba 1980, mjini The Hague, nchi ya Uholanzi, ulitolewa mkataba juu ya watoto wanaochukuliwa isivyo halali kuvushwa mipaka. Unasema kwamba mtoto aliye chini ya miaka 16 arudishwe upesi katika nchi aliyozoea kukaa, na mahakama za huko ziamue akae na nani. Zaidi ya nchi 100 zimeingia katika mkataba huo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 nao unazitaka serikali zipigane na uhamishaji wa watoto usio wa halali.

Kisha ule mtindo wa kuwaandika watoto katika kitabu cha mzazi ukaanza kuondoka. Jina bila picha halimtambulishi mtoto, na yeyote aweza kupitisha mtoto wa mtu kwa jina la wake. Uingereza iliacha kuwaongeza watoto katika pasipoti za wazazi tarehe 5 Oktoba 1998. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 26 Juni 2012 kila mtoto sharti awe na pasipoti yake.

Lakini ulinzi ukizidi huwa kikwazo. Tarehe 1 Juni 2015 Afrika Kusini ilianza kudai kwamba kila mtoto msafiri awe na cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili. Mzazi aliye peke yake alitakiwa pia kiapo cha mwenzake. Kusudi lilikuwa jema, kuzuia biashara ya watoto. Hata hivyo wasafiri wengi walizuiliwa viwanjani, na watu wa utalii wakalalamika sana. Mwaka 2018 na 2019 sharti hilo likalegezwa kwa watoto wa kigeni. Kwa hiyo sheria hizi hubadilika, nasi hatuna budi kuuliza kila safari.

5. Karatasi za kuandaa

Sasa andikeni, polepole.

Kwanza, pasipoti ya mzazi na pasipoti ya kila mtoto, pamoja na viza pale inapotakiwa.

Pili, cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, chenye majina ya wazazi. Hiki ndicho mama wa vyeti vyote. Wazee wetu walihesabu miaka kwa njaa na kwa mvua kubwa, na hawakukosea. Lakini afisa wa ugenini hawezi kuisoma kumbukumbu ya bibi. Mali bila daftari huisha bila habari. Mtoto naye aandikwe mapema.

Tatu, barua ya ridhaa ya mzazi asiyesafiri. Ridhaa ni kukubali kwa hiari. Barua itaje majina, nambari za pasipoti, nchi mnayokwenda, tarehe za kwenda na kurudi, na mahali pa kumpata mwandishi wake. Afadhali iwe kiapo, yaani maneno yaliyosemwa kwa kuapa na kutiwa sahihi mbele ya wakili au hakimu. Iambatane na nakala ya kitambulisho chake.

Nne, ikiwa mzazi mwenzako amefariki, chukua cheti cha kifo. Ikiwa mahakama imekupa ulezi wewe peke yako, chukua hati ya mahakama. Ikiwa jina lako na la mtoto hayafanani, cheti cha ndoa au cha kuzaliwa kitaeleza uhusiano wenu.

Tano, kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwa nchi zinazoidai.

Uliza ubalozi wa nchi unayokwenda kabla ya kulipa nauli, kwa maana nchi hazilingani. Uliza pia kama karatasi zenu zitahitaji kufasiriwa. Nakala moja mwachie ndugu nyumbani.

Na afisa atakapouliza, “Mwenzako anajua?”, usikasirike. Anauliza kwa niaba ya mzazi ambaye hayupo pale, na siku nyingine mzazi huyo aweza kuwa ni wewe. Fungua mkoba, umpe karatasi.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kwa nini pasipoti zilienea baada ya mwaka 1914?

2. Watoto wa Unity Dow walitofautianaje mbele ya sheria, nao ni ndugu?

3. Kuna faida gani, na kuna hasara gani, kudai ridhaa ya wazazi wote wawili? Wanaosema faida wakae upande mmoja, wanaosema hasara upande wa pili, kisha mjadiliane.

4. Kila mwanafunzi aandike barua ya ridhaa yenye mistari sita. Asomewe na jirani yake, wakague tarehe na majina.

5. Katika darasa lenu, watoto wangapi bado hawana cheti cha kuzaliwa? Pangeni siku ya kwenda kuwaandikisha.

Kwaherini ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.