Lisbon: Panda kwa Lifti, Shuka kwa Miguu

Ramani ya simu humdanganya mgeni wa Lisbon. Humwonyesha kwamba kutoka mitaa tambarare ya Baixa hadi ngome ya São Jorge ni mwendo wa dakika chache tu, lakini haionyeshi ngazi. Mji mkuu huu wa Ureno husifika kwa vilima saba, na anayeuzuru akiwa na siku mbili tatu tu ni heri apande kwa chombo na kushuka kwa miguu. Akifanya hivyo ataisoma historia ya mji kutoka juu kwenda chini, takriban kwa mpangilio wake.

Juu kuna ngome. Waislamu waliutawala mji kwa zaidi ya karne nne, hadi mwaka 1147 mfalme Afonso Henriques alipouzingira kwa miezi kadhaa akisaidiwa na wapiganaji wa msalaba waliokuwa njiani kuelekea Palestina. Chini ya kuta hizo umetanda mtaa wa Alfama, wenye vichochoro vinavyopinda na nguo zinazoanikwa madirishani. Tramu namba 28, kigari cha manjano cha mbao, hupanda hadi huku. Hujaa mno na wachomoaji hawakosi, kwa hiyo ipandwe asubuhi na mapema, kwenye kituo inakoanzia cha Martim Moniz, pochi ikiwa kwenye mfuko wa mbele.

Alfama ipo hadi leo kwa sababu imekaa juu ya mwamba uliostahimili tetemeko la ardhi.

Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yalikuwa yamejaa waumini na mishumaa inawaka. Tetemeko la ardhi likaangusha majengo, mawimbi makubwa yakapanda kutoka mto Tagus, na moto ukateketeza mji kwa siku kadhaa. Makumi ya maelfu ya watu walikufa. Waziri aliyekuja kujulikana kama Marquês de Pombal aliijenga Baixa upya kwa mitaa iliyonyooka na nyumba zenye fremu za mbao zilizofichwa ndani ya kuta, ili ziyumbe bila kubomoka. Kabla ya kuzijenga, wahandisi waliweka kielelezo uwanjani na kuwaamuru askari wapige gwaride kukizunguka, ili ardhi itikisike.

Lifti ya chuma ya Santa Justa, yenye kimo cha mita 45, ilianza kupandisha watu kutoka Baixa hiyo mwaka 1902. Huko juu yamesimama magofu ya kanisa la Carmo, ambalo paa lake halikurudishwa tangu tetemeko. Lisbon ina pia vigari vya kuvutwa kwa kamba ya chuma kwenye miteremko mikali. Septemba 2025 kamba ya kimoja, cha Glória, iliachia na watu 16 wakafa. Kabla ya kuvitegemea, mgeni aulize kama vinafanya kazi.

Kushuka nako kuna masharti yake. Njia za waenda kwa miguu zimetandikwa vijiwe vya chokaa vilivyosuguliwa na nyayo za watu, na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Viatu viwe vya soli ya mpira.

Magharibi, kando ya mto, ndiko Belém. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16, kwa sehemu kutokana na ushuru wa asilimia 5 uliotozwa bidhaa za Afrika na Mashariki. Vasco da Gama amezikwa humo. Mwaka 1502 nahodha huyo alitia nanga Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wake, Amiri Ibrahim, kulipa kodi ya dhahabu. Miaka mitatu baadaye Mreno mwenzake, Francisco de Almeida, aliuteka mji huo, kisha akaichoma Mombasa.

Dhahabu hiyo bado inaonekana. Katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale kimehifadhiwa chombo cha kuwekea Ekaristi, kilichokamilika mwaka 1506 na kinachohesabiwa kuwa kazi ya sonara Gil Vicente: mitume 12 wamepiga magoti, wamenakshiwa kwa rangi, na maandishi ya kitako yanalitaja jina la Kilwa waziwazi. Jumba hilo liko njiani kati ya Baixa na Belém. Anayetoka Afrika Mashariki alipitie kwanza, siku yoyote isipokuwa Jumatatu, ndipo aendelee na tramu namba 15 hadi lilipo kaburi la nahodha.