Kujizungusha na Kuzunguka: Istilahi Mbili za Mwendo wa Mwezi

Mwanafunzi aingiaye shule ya sekondari ya Tosamaganga, karibu na mji wa Iringa, hukuta Kiingereza kina maneno mawili mbalimbali kwa miendo miwili ya mwezi. Katika shule ya msingi ya serikali, ambako Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia mwaka 1967, mara nyingi huwa amezoea neno moja tu: mzunguko.

Kasoro hii si ndogo. Mwezi huizunguka dunia kwa muda wa siku 27.3, na kwa muda uo huo hujizungusha mara moja katika mhimili wake. Ndiyo sababu hutuonyesha uso ule ule daima. Upande wa pili ulipigwa picha kwanza na chombo cha Kisovieti, Luna 3, mwaka 1959. Mwalimu asemaye tu kwamba "mizunguko miwili ni sawa" humwacha mwanafunzi akidhani kuwa mwezi haujizungushi kabisa.

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na upungufu wa istilahi ulikuwa miongoni mwa hoja za wapinzani.

Hata hivyo, sarufi yetu ilikwisha kutoa jawabu: kiambishi -ji- hutenganisha kujizungusha na kuzunguka. Yafaa basi neno mzunguko liachiwe mwendo wa kuizunguka dunia peke yake.