Serikali Inaogopa Nani Mtandaoni?

Wanangu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, leo historia kidogo. Msikimbie. Chuo niliacha, kusoma sijaacha.

Serikali ikianza kusema "tishio la mtandao kwa usalama wa taifa na uchumi," wengi tunapiga picha ya jamaa gizani na laptopu. Haya, tuangalie ni nini hasa kimewahi kuiyumbisha Kenya.

Kabla ya 2009 intaneti yetu ilipitia setilaiti, pole pole na ghali. Juni 2009 kebo ya TEAMS ikafika Mombasa chini ya bahari kutoka Fujairah, Kibaki mwenyewe akaja kuipokea. Mwezi uliofuata SEACOM nayo ikawashwa. Yaani intaneti ya nchi ikawa inaingilia kwetu Pwani, kama magari na mchele. Februari 2012, meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandarini ikatupa nanga pasiporuhusiwa, TEAMS ikakatika. Si jasusi, si virusi. Nanga! Na siku chache kabla, kebo zingine zilikuwa zimekatika huko Bahari ya Shamu.

Mwezi mmoja kabla ya nanga, Januari 2012, mtu aliyejiita direxer, aliyesemekana yuko Indonesia, alizivamia tovuti 103 za serikali kwa mpigo. 103, mtu mmoja!

Serikali ikajipanga, kwa karatasi. 2014 ikatoa mkakati wa kitaifa wa usalama wa mtandao. Mei 2018 Uhuru akatia saini sheria ya makosa ya kompyuta, ikaunda na kamati ya kitaifa, NC4, ya kupima haya matishio. Ndani ya sheria hiyo hiyo wakaweka habari za uongo: faini hadi milioni 5 au jela hadi miaka 10. Sasa hapo ndipo mimi huuliza, posti yangu na nanga ya meli zimekutana wapi?

Twende 2023. Juni 30 Ruto akazindua huduma zaidi ya 5,000 ndani ya eCitizen. Haikufika hata mwezi. Mwisho wa Julai, kundi la Anonymous Sudan likaupiga mfumo. Hawakuvunja mlango, waliujaza tu maombi mengi kupita kiasi mpaka ukalemewa, kama ferry ya Likoni watu wa siku nzima wakija kwa dakika moja. Waziri Eliud Owalo alikubali kuwa shambulio lipo, akasema hakuna data iliyopotea. Sawa. Lakini visa za mtandaoni zilikwama, wageni wakaambiwa watapewa wakitua. Tiketi za SGR zikasumbua, na treni yenyewe mwisho wake ni hapa Miritini. Umeweka nchi nzima nyuma ya mlango mmoja, halafu unashangaa mlango ukizibwa kila mtu anabaki nje? Kwa maoni yangu, udhaifu wa kwanza ni huo mlango mmoja, hata kabla ya kumtaja Msudani yeyote.

Halafu ona hii. Mei 2025 msichana mmoja programa alikamatwa. Kosa? Aliunda tovuti ya kumsaidia mwananchi kutuma barua pepe kwa kamati ya Bunge kupinga Mswada wa Fedha. Katiba yenyewe inataka wananchi watoe maoni! Akashtakiwa kwa sheria ile ya 2018, ati ameingilia mfumo wa kompyuta. Maombi ya Anonymous Sudan ni shambulio, na barua pepe za wenye nchi pia zikaitwa shambulio. Mahakama iliitupa kesi mwezi wa sita, haikuona kosa lolote kwenye mashtaka. Lakini alikuwa ameshalala seli.

Oktoba 15, 2025 Ruto akatia saini marekebisho ya sheria hiyo, siku ile ile Raila alifariki, nchi nzima ikiwa inalia. Wiki moja baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha vifungu vya unyanyasaji wa mtandaoni. Ila kuna kingine kimeongezwa: NC4 inaweza kuagiza tovuti au app ifungwe, ikithibitishwa inaendeleza mambo kama ugaidi au itikadi kali za kidini. Ithibitishwe mbele ya nani? Hilo ndilo wabunge walipaswa kutuandikia waziwazi, manake sisi wa Likoni na Kisauni tunajua neno "itikadi kali" hubandikwa nani kwanza.