Watu wa Mkunazini na Raha Waliyoiacha

Mgeni aingiaye Mji Mkongwe wa Unguja, akapitia njia ya Mkunazini, huonyeshwa kanisa kubwa la mawe ya matumbawe ambalo madhabahu yake, kwa riwaya ya wenyeji, yamesimama mahali ulipokuwa mti wa kufungiwa watumwa na kupigwa viboko. Na aghalabu ziara yake huishia hapo, akiisha kusikia kwamba soko lilifungwa kwa mkataba wa Sultani Sayyid Barghash mwaka 1873, na kwamba jiwe la msingi la kanisa liliwekwa siku ya Noeli ya mwaka ule ule. Wajenzi wake waliishije, na ni kitu gani walichokiacha ili waje kukaa katika joto lile na homa ile, ni swali lisiloulizwa na wengi, nalo ndilo lililonishughulisha mimi.

Misheni yao, iliyojulikana kwa herufi zake kuwa UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ilizaliwa kwa hotuba aliyoitoa David Livingstone mjini Cambridge mwaka 1857, na askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, hakumaliza hata mwaka mmoja na nusu katika uaskofu: mtumbwi ulipinduka, dawa zikazama, naye akafa kwa homa tarehe 31 Januari 1862 pale mto Ruo unapokutana na Shire. Aliyemfuata, William Tozer, aliiacha nchi ile ya mauti, akaihamishia misheni Unguja mwaka 1864, na kwa jambo hilo alilaumiwa sana, Livingstone mwenyewe akiwa miongoni mwa waliomlaumu, kana kwamba alikuwa ameichagua raha kuliko wito. Mimi siafikiani na lawama hiyo. Mwenye kuwazika wenzake wote kwa ukaidi hamtumikii Mungu zaidi ya yule arudiye nyuma hatua mbili apate pa kusimama.

Huko Unguja ndiko ilikotia mizizi desturi iliyowapambanua watu wa misheni hii na wengi wengineo, nayo ni kwamba Mzungu aliyekuja kwao, awe padre, mwalimu au muuguzi, hakulipwa mshahara, bali alipewa chakula, mahali pa kulala na posho haba ya nguo na mahitaji madogo, tena alitarajiwa kukaa bila kuoa muda wote awapo kazini. Edward Steere, aliyekuwa askofu tangu 1874, alikuwa na mke, lakini mkewe, kwa udhaifu wa afya, alibaki Uingereza. Naye mumewe huku akawa mpiga chapa, mfasiri wa Maandiko, mtungaji wa sarufi na msimamizi wa mafundi, hata paa la kanisa, lililotengenezwa kwa matumbawe na saruji kwa umbo la kuba refu, likawa ni la fikira yake mwenyewe. Alifariki ghafla Agosti 1882 akazikwa nyuma ya madhabahu. Bibi Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877 kuwafundisha wasichana wa Mbweni, makazi ya mahuru huko Unguja, alitumia mali yake mwenyewe katika kazi, na alipostaafu hakurudi kwao, bali alikaa papo hapo Mbweni hata kufa kwake mwaka 1926.

Hawa wamesifiwa, na wamestahili. Walakini katika kuwasifu imesahauliwa, au imefichika, tofauti moja kubwa: kwamba mtu aliyezaliwa katika raha akaiacha kwa hiari amefanya jambo adhimu, lakini yule ambaye hajawahi kuijua raha, ambaye ametolewa majahazini akiwa mateka, akapewa kwa mara ya kwanza kiwanja, kibanda na usiku usio na hofu, kisha akaambiwa kwamba kazi ya Mungu inamtaka aviache vyote na kurudi katika bara lile lile alikokamatwa, huyo ametoa kitu ambacho sijui mizani ya kukipimia. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1876, Steere alipowatoa Mbweni mahuru zaidi ya 50, wanaume na wanawake, akavuka nao hadi Lindi na kuwaongoza kwa miguu kuelekea bara. Nia ilikuwa kufika karibu na Ziwa Nyasa. Lakini walipoona ardhi njema na maji chini ya majabali ya Masasi, walipiga kambi, wakalima, wakajenga, na mji ukawa. Mwaka 1882 Wamagwangwara, wapiganaji wa Kingoni, waliushambulia, wakaua, wakachoma, wakachukua mateka, na miongoni mwa waliochukuliwa walikuwamo watu waliokwisha kuonja utumwa mara moja. Wengi wa waliosalia walihamia Newala, na wala hawakuiacha sala yao.

Kadhalika sheria ile ya kuishi bila mshahara wala ndoa, ingawa ilikuwa ngumu, ilikuwa na wepesi wake uliofichika, kwa maana asiye na mke, watoto wala jamaa wa kumtegemea karibu naye hana mwingine wa kumshirikisha katika ufukara wake. Padre Mwafrika hakuwa na wepesi huo. Cecil Majaliwa, kijana wa Kiyao aliyetekwa utotoni na kulelewa na misheni Unguja, aliyepata kusomeshwa hata Canterbury, alipelekwa Chitangali, bara kwa Wayao, mwaka 1886 pamoja na mkewe, akapewa upadre mwaka 1890, wa kwanza katika Waafrika wa misheni ile. Alikaa kwa Wayao wenzake kama mmoja wao, akabatiza na kufundisha, na kanisa alilolilea likastawi kuliko vituo vingi vilivyokuwa na Wazungu. Lakini Unguja, walikokulia yeye na mkewe, palikuwa na shule, hospitali na marafiki, na Chitangali vitu hivyo vilikuwa haba kwa watoto wao. Mwaka 1897 akarudi Unguja, na waliotarajia makubwa kwake wakasikitika. Wako wanaouhesabu uamuzi huo kuwa upungufu wa ari. Mimi nahesabu miaka 11 ambayo mke na watoto, wasiopata kuulizwa kama wanao wito, waliibeba sadaka ya baba yao. Na katika maaskofu waliofika Chitangali kumkagua, hakuna aliyekuja na familia yake.