Dira Miguuni: Kuifuata Njia ya Dahl Jangwani

Novemba 1939 kijana mmoja aliwasha gari Dar es Salaam, akashika njia ya Nairobi peke yake, safari ya kilomita 900 hivi za vumbi na mito, kwenda kujiandikisha urubani. Alikuwa Roald Dahl, mwenye miaka 23, mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell, Mwingereza wa wazazi wa Kinorwe. Vitabu vya watoto vilivyompa jina duniani vilikuwa bado mbali. Dar es Salaam alikuwa amekaa mwaka na ushei, akajifunza Kiswahili, na vita ilipotangazwa Septemba akapewa askari wa kusimamia kukamatwa kwa Wajerumani waliokuwa wakitoroka kwa barabara.

Njia hiyo ya Dahl nimeifuata mara nyingi, nyingine kwa kusoma, nyingine nikiwa nimekaa mbele ya kompyuta, mkono kwenye usukani wa plastiki na miguu kwenye pedali, ndani ya chumba cha rubani kilichochorwa geji kwa geji. Ninachokitafuta ni jioni moja tu, ya tarehe 19 Septemba 1940, siku ambayo ndege yake ilianguka katika jangwa la Misri. Nataka kujua kosa lilikuwa la nani.

Nairobi alifundishwa kwa Tiger Moth, ndege ndogo ya mabawa mawili yaliyopandana, yenye viti viwili, mwalimu mbele na mwanafunzi nyuma. Dahl alikuwa na urefu wa karibu mita mbili. Kichwa chake kilipita kioo cha kukinga upepo, na kila baada ya muda alilazimika kuinama ndani ili apate kuvuta pumzi. Baada ya saa 7 na dakika 40 za mafunzo alirushwa peke yake. Akaendelea na mafunzo Habbaniya, Iraki, akapata mabawa ya urubani, kisha akapelekwa Misri. Anasimulia kwamba katika kundi lao la vijana 16 walioanza Nairobi, 13 walikufa angani katika miaka miwili iliyofuata.

Misri alikabidhiwa Gladiator. Ndege hiyo iliruka mara ya kwanza mwaka 1934, na ndiyo ya mwisho ya kivita yenye mabawa mawili katika Jeshi la Anga la Uingereza, na pia ya kwanza ya kivita katika jeshi hilo iliyofunikwa chumba cha rubani. Ilikuwa na injini ya Bristol Mercury ya silinda tisa zilizopangwa duara, rashasha nne, magurudumu yasiyokunjwa, na mwendo wa kilomita 400 hivi kwa saa. Kiti kilikuwa kimoja. Kwa hiyo hapakuwa na mahali pa mwalimu, na Dahl aliambiwa apande tu, ajifunze humo humo.

Hapo ndipo msomaji anapojiuliza: je, hapakuwa na chombo cha kujifunzia ardhini? Kilikuwapo. Edwin Link, kijana wa Binghamton, jimbo la New York, alikulia katika kiwanda cha baba yake cha kutengeneza vinanda na ogani. Mwaka 1929 alichukua mivukuto na pampu za ogani, akaziweka chini ya kisanduku chenye umbo la ndege, kikawa kinainama na kugeuka kila fimbo inapovutwa. Watu wengi walikiona ni kitu cha kuchezea, na kweli baadhi viliuzwa katika viwanja vya burudani. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kubeba barua kwa ndege katika majira ya baridi, na marubani wasiojua kuruka kwa geji peke yake wakaanza kufa katika mawingu na theluji. Hapo likanunua visanduku sita. Vita ilipokwisha, zaidi ya 10,000 vilikuwa vimetengenezwa. Lakini kisanduku cha Link kilifundisha kuamini geji kwa jumla. Koki ya mafuta ya Gladiator iko wapi, hilo hakikuweza kumwambia mtu.

Kazi hiyo ilikuja kufanywa na kompyuta, na ilichukua muda. Mwaka 1979 Bruce Artwick alitoa programu ya kuigiza urukaji kwa kompyuta ya Apple II, mistari michache ya ardhi na geji chache mbele ya rubani. Mwaka 1998 ikaja Falcon 4.0, iliyomtaka mchezaji asome kitabu kizima cha maelekezo kabla hajatoka ardhini. Mwaka 2001 timu ya Oleg Maddox huko Urusi ikatoa IL-2 Sturmovik, na kutoka ukoo huo ikazaliwa Cliffs of Dover mwaka 2011. Hiyo ya mwisho ilitoka ikiwa na hitilafu nyingi, na kilichofuata ndicho ninachokipenda zaidi katika historia hii nzima. Wapenzi wake, watu wa kazi nyingine kabisa, walianza kuitengeneza usiku baada ya shughuli zao, wakaja kupewa ruhusa rasmi, na mwaka 2020 wakatoa sehemu ya jangwa la Afrika Kaskazini, Tobruk. Ndani yake imo Gladiator, toleo la pili, na kila swichi yake inabonyezwa kwa kipanya.

Mara ya kwanza nilipokaa humo, injini ilikataa katakata. Nilibonyeza kitufe cha kuwashia mpaka kidole kikachoka. Pangaboi likazunguka nusu mzunguko, likasimama. Nikaanza kulaumu programu, nikaifuta, nikaiweka upya, saa mbili zikapita. Kumbe koki ya mafuta ilikuwa imefungwa na magineto, zinazotoa moto wa plagi, zimezimwa, kama zinavyotakiwa kuwa katika ndege iliyoegeshwa. Waliochora chumba kile walikuwa wamefanya kazi yao sawasawa, na mimi ndiye niliyekuwa sijafanya yangu. Fundi wa gari yeyote mtaani angeanza hapo: mafuta yanafika? Moto wa plagi upo? Hewa inapita? Baada ya hapo ndipo ungemwona anashika spana.

Shida ya pili ilinisumbua zaidi. Ndege ilikuwa inavutwa kushoto wakati wote. Nilidhani ni nguvu ya pangaboi, nikasawazisha kwa pedali. Nikadhani ni upepo, nikauzima katika mipangilio. Bado kushoto. Mwishowe nikafungua ukurasa unaoonyesha ishara zinazotoka kwenye usukani wa plastiki, nikaachia mkono kabisa, na alama kwenye skrini haikurudi katikati. Kifaa kilichokuwa ndani kilikuwa kimelika kwa matumizi, kikawa kinatuma habari ya uongo hata pasipo kuguswa. Dawa yake ni kuiambia programu ipuuze mwendo mdogo wa karibu na katikati. Dakika moja, ugonjwa umekwisha. Lakini kwa wiki nzima nilikuwa nimemlaumu rubani na ndege, wakati taarifa yenyewe ndiyo iliyoingia ikiwa mbovu. Niliposoma tena habari za ile jioni ya Dahl, hilo halikunitoka.

Sasa tuingie kwenye chumba chenyewe. Mbele ya rubani pana bamba la geji sita, mpangilio ambao jeshi la Uingereza liliuweka kuwa wa kawaida katika ndege zake: mwendo, upeo wa bandia, kasi ya kupanda na kushuka, mwinuko, mwelekeo, na mgeuko. Ile ya mwelekeo inafanya kazi kwa jairo, gurudumu dogo linalozunguka kwa kasi. Ni tulivu na rahisi kusoma, ila yenyewe haijui kaskazini iko wapi. Inakumbuka tu ulichoiambia, na kidogo kidogo inasahau, kwa hiyo kila baada ya dakika 10 au 15 lazima uirekebishe kwa dira ya sumaku.

Na dira ya sumaku iko wapi? Chini, katikati ya miguu. Ni bakuli la kioo lenye maji maalumu, mshale ndani na pete ya digrii juu. Rubani hulegeza pete, huizungusha mpaka namba ya safari yake ikae kwenye alama, huifunga, kisha huigeuza ndege mpaka mshale ulale sambamba na nyaya mbili zilizo kwenye kioo. Ukiuruhusu mshale ulale kinyume, kichwa kikae mahali pa mkia, nyaya zitakuwa sambamba vilevile, nawe utakuwa unakwenda kinyume kabisa cha uendako. Zaidi ya hayo, ndege inapopinda mshale huyumba na kudanganya, kwa hiyo unasoma ukiwa umenyooka na umetulia. Yote hayo kwa kuinamisha kichwa hadi magotini. Mtu wa mita mbili, aliyebanwa katika chumba kile, alikuwa akifanya hivyo juu ya mchanga usio na mti wala barabara.

Siku ile Dahl aliondoka Abu Sueir, akajaza mafuta Amiriya, akatua tena Fouka. Hapo akapewa mahali kilipokuwa kikosi chake kipya, Kikosi cha 80: kilomita 48 hivi kusini ya Mersa Matruh. Akaenda. Hakuona kitu. Akazunguka akitafuta, mafuta yakipungua na giza likiingia, mpaka akaamua kutua mchangani. Gurudumu likagonga mwamba, ndege ikajikita kwa pua na kuwaka moto. Akatoka akitambaa, fuvu limepasuka, pua imepondeka, macho hayaoni.

Nimejaribu safari ya namna hiyo mara kadhaa, nikijipa makosa kwa makusudi. Marubani wana kanuni yao: ukikosea digrii moja, baada ya kilomita 60 utakuwa umepotea kilomita moja pembeni. Kosea digrii tano kwa dira iliyosomwa vibaya, jairo iliyosahau na upepo juu yake: umepotea kilomita tano. Ni kosa kubwa, ila anayezunguka na kutafuta huweza kulifidia, kwani mahema na ndege zilizoegeshwa kwenye mchanga mtupu huonekana, hata kama uwanja wenyewe si zaidi ya ardhi iliyosawazishwa. Nilipojipa makosa ya rubani mgeni, niliipata kambi kwa shida. Nilipoiweka kambi mahali tofauti na palipoandikwa kwenye karatasi yangu, sikuipata hata nilipoongoza ndege bila kosa.

Kwa maelezo ya Dahl, uchunguzi wa jeshi ulifikia jibu hilo hilo: alielekezwa mahali pasipo sahihi, katikati ya majeshi ya Uingereza na ya Waitalia, ambapo hapakuwa na kikosi cha mtu yeyote. Hata hivyo, gazeti la Marekani la Saturday Evening Post lilipochapisha kisa hicho mwaka 1942, bila jina la mwandishi, lilikipa kichwa cha kwamba rubani alitunguliwa juu ya Libya. Hakutunguliwa na mtu, wala haikuwa Libya. Wengine hadi leo husema ni ugeni wake katika ndege ile. Ugeni ulikuwapo, na jeshi lililomrusha bila mafunzo linastahili lawama yake. Lakini kosa lililomwangusha halikutoka mikononi mwake.

Alilala hospitali Alexandria hadi Februari 1941. Aprili alikabidhiwa Hurricane, ndege yenye bawa moja na magurudumu ya kukunja, akaipeleka Ugiriki akiwa ameirusha kwa saa chache tu. Alitua Elevsis, karibu na Athens, na hapo, miezi saba baada ya jioni ile ya jangwani, ndipo alipokipata Kikosi cha 80.